Nilimpa Mungu Hadi Jumamosi

Jamani, nyamazeni kwanza. Kila mmoja wenu anakuja kwenye cherehani yangu na swali lake. Huyu anataka kujua kulikuwaje huko, yule anauliza mbona nimekonda, mwingine anashika kitambaa tu kama mteja kumbe hana nguo ya kushona. Nguo za watu zinalala. Nimeona niandike yote, mpokezane kusoma, mimi nishone.

Kwa wale ambao habari ziliwapita: Petro ni dalali wa ng'ombe mnadani Katesh. Ni Mdatoga wa Yaeda Chini, kijana wa kanisani, ana mdomo wa kumuuzia mtu ng'ombe wake mwenyewe. Alikuja hapa Gitting nimbadilishie zipu ya koti. Baadaye akaja tena na koti lile lile, zipu nzima, akasema inakwama. Nikaivuta, ikapanda ikashuka vizuri kabisa. Akasema, "Basi ni mimi ninayekwama." Mwenzenu nikaishiwa maneno, na mnanijua siishiwi.

Nampenda. Naandika hapa hadharani msiniulize tena. Lakini alipotamka kuoa, nikaogopa. Kwao ni bondeni, jua kali, mimi nimezoea ukungu wetu na sweta. Mama yake haongei Kiswahili wala Kiiraqw chetu. Baba yangu hakunisaidia, alisema tu, "Ni wewe utakayeishi naye." Sasa baba zake wadogo walikuwa wakutane Jumamosi, huko kwao Yaeda Chini. Nikifika na kukubali mbele yao, watatuma watu kwa baba yangu. Nisipofika, au nikifika bila jibu, shauri linafungwa. Petro alinieleza bila kuzunguka: "Restituta, ukikataa nitaelewa. Ila sitakuuliza tena."

Ndiyo safari yenyewe hiyo.

Gitting hadi Katesh: masharti

Mnajua nimo kwenye lile kundi la maombi la kwenye simu. Kuna mama mtumishi anaongoza, simjui sura, namjua sauti. Nilipomweleza akanijibu hapo hapo: funga, mpe Mungu siku ya mwisho, omba ishara, atajibu upesi. Nikapenda lile neno upesi. Nikafunga kula kuanzia Alhamisi asubuhi, siku ya kuondoka, maji tu, hadi Mungu aniambie ndiyo au hapana. Nikampa hadi Jumamosi.

Nilianza mapema, kabla hata sijafunga mlango. Nikasema, Bwana, tukipata gari bila kusubiri, basi ni ndiyo. Nikaenda barabarani na begi langu. Gari halipo. Shangazi Emiliana, aliyekuwa anisindikize kwa sababu binti haendi ukweni peke yake, naye hayupo. Nikasema, Bwana, nilimaanisha baada ya Shangazi kufika.

Shangazi akaja taratibu, ukungu umemfunika hadi kiunoni, kikapu kichwani. Ndani kulikuwa na shuka jipya, sukari, na furushi la tumbaku kwa ajili ya wazee. Shangazi ni kiongozi wa akina mama parokiani, na kila aliyeuliza amebeba nini alijibu "majani," basi.

"Umekunywa chai?" akaniuliza.

"Nimefunga, Shangazi."

"Unakwenda kuposwa unafunga? Ukifika huko umelegea watasema tumewaletea mgonjwa!"

Gari lilipita limejaa. La pili likapita limejaa. Nikambadilishia Mungu masharti hadi nikasahau tulikuwa tumefikia wapi, kama ni gari jeupe au dereva mwenye kofia. Mwishowe tulifika Katesh kwa trekta lililokuwa linakwenda kuchomelewa jembe. Trekta sikuwa nimelitaja kabisa.

Katesh hadi Basotu: abiria mwenye pua

Katesh tukapata pikapu ya kwenda Maretadu. Siyo njia yenyewe hasa, lakini dereva alisema huko tutapata usafiri wa kushuka Yaeda. Nikasema, Bwana, hii ni ishara. Nikapanda nyuma kwa furaha, nikakutana uso kwa uso na nguruwe.

Siyo nguruwe wa kawaida. Lilikuwa dume, kubwa, limefungwa kamba miguu yote, na lilinitazama kama mimi ndiye nimeingia chumbani kwake. Linapelekwa kwa mzee mmoja likapande majike yake. Shangazi akakaa juu ya gunia, akalipungia mkono.

"Huyu naye anakwenda kuoa," akasema. "Tena hajafunga."

Nikacheka nikashika pua. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo lilinisukuma kwa bwana harusi. Kufika Basotu injini ikapiga kelele, ikanyamaza. Mkanda umekatika. Dereva akaondoka na bodaboda kutafuta mwingine, akasema "sasa hivi." Sasa hivi ya dereva mnaijua.

Shangazi akasalimia kila mtu aliyekuwa karibu na ziwa la pale Basotu. Mwenzenu nasema kila mtu. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, za mifugo, mvua huko kwenu, yule mtoto aliyekuwa anaumwa. Wote ni wageni kwake! Na wao wanamjibu, wanamuuliza na yeye ya kwao. Baada ya muda nikamwona amekalishwa kwenye kigoda anakula samaki wa kukaanga na ugali, amezungukwa na kicheko, mafuta yamefika kwenye kiwiko. Mimi nimekaa na nguruwe kivulini, tunanusa.

Nikamtumia mama mtumishi ujumbe: gari limeharibika, ni ishara gani? Jibu likaja haraka kweli: "Hicho ni kizuizi! Geuka, rudi nyumbani, adui yuko mbele!" Moyo ukanishuka hadi tumboni, na tumboni palikuwa na nafasi ya kutosha. Nikasimama nimwambie Shangazi tunarudi. Hajamaliza hata kunawa, simu ikalia tena: "Samahani mpendwa, ule ulikuwa wa dada mwingine. Wewe songa mbele."

Kha! Nikakaa chini nikacheka hadi nikatoa machozi. Nguruwe akastuka. Dada wa watu huko aliko, kama alikuwa kwenye harusi yake, sijui alifanyaje alipoambiwa ageuke.

Maretadu: maharage

Tulifika kwa Mzee Bura, mwenye majike, jua linaelekea kuzama. Dume likashushwa kwa heshima zote. Mke wake na Shangazi wakagundua wamewahi kukutana kwenye semina ya akina mama, wakakumbatiana na kulia kidogo. Usafiri wa Yaeda? Mzee Bura akasema, "Upo. Kesho kutwa."

Kesho kutwa ndiyo Jumamosi! Nikamwambia Mzee, jamani nina haraka, kuna jambo kubwa. Akanisikiliza vizuri, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Sawa. Kesho tutapiga maharage."

Ijumaa tulipiga maharage. Yalikuwa yametandazwa uani, makavu, na wingu zito limekaa juu ya Maretadu tangu asubuhi. Mgeni hawezi kukaa anatazama wenyeji wanakimbizana na mvua, kwa hiyo nikapewa fimbo. Piga, geuza, piga, peta. Kila upepo ukivuma mapumba yote yanakuja kinywani mwangu. Nilikuwa najiuliza kama mapumba nayo yanavunja mfungo.

Nilijaribu kuomba huku napiga. Bwana, mvua isiponyesha, ni ndiyo. Halafu nikaona hilo ni la Mzee Bura, si la kwangu, nikaona aibu nikaliondoa.

Mvua haikunyesha. Jioni wakaleta makande, na Mzee Bura akasimama kuombea chakula. Looh! Nyie mmewahi kusikia mtu anaomba hivyo? Alianza na mvua iliyosubiri. Akaja kwa maharage. Akaja kwa majirani kwa majina, kwa wajukuu walioko shule, kwa ng'ombe anayechechemea, kwa dume la nguruwe aliyetoka mbali, apate nguvu. Makande yanatoa moshi. Mimi mfungaji nilikuwa sili, na bado nilikuwa nasema moyoni amina, amina, Mzee, amina! Nikachungulia simu chini ya kanga. Nilipoinua macho nikakuta jicho moja la Mzee limefunguka, linanitazama. Hakukasirika. Akaendelea:

"Na huyu binti yetu Restituta, ambaye mwili wake uko hapa kwetu. Baba, umlete na yeye mwenyewe afike salama."

Shangazi akacheka hadi akakohoa. Mimi nikaizima simu, uso unawaka. Mzee akamalizia kwa kumwombea Petro, "ambaye hatumjui, lakini wewe unamjua," na akakaa kula makande yaliyopoa kwa furaha kubwa.

Kushuka Yaeda

Jumamosi asubuhi ikaja pikipiki ya magurudumu matatu iliyobeba chumvi na unga kwenda dukani Yaeda Chini. Shangazi akakaa juu ya magunia, kanga kichwani, malkia mtupu. Mimi nilikuwa msukumaji zaidi kuliko abiria. Njia ile siyo njia, ni mawe yaliyokubaliana kukaa pamoja. Kila kijito kikavu tunashuka, tunasukuma, tunapanda, na Shangazi hashuki, anasema uzito wake unasaidia matairi kushika.

Hewa ikaanza kubadilika. Sweta nikavua. Nikawasha simu ili nijue kama Mungu ameacha ujumbe, maana siku yenyewe ndiyo imefika. Nikakuta wa mama mtumishi, wa sauti. Nikabonyeza, ukaanza: "Mpendwa, kuhusu ndoa yako, Bwana amenionyesha wazi kwamba…"

Kwamba! Kwamba nini? Ukakatika. Kile kiduara kinazunguka tu. Nikamsimamisha dereva. Nikapanda kichuguu, nikainua simu juu. Nikaenda kulia, nikaenda kushoto. Nikavua viatu nikapanda jiwe, sijui kwa nini nilivua viatu. Wafugaji wawili waliokuwa wanapita na ng'ombe wakasimama kunitazama, mmoja akamuuliza dereva kama huyu dada yuko salama.

"Anaongea na Mungu," Shangazi akawajibu. "Mtandao hakuna."

Ujumbe ule bado uko kwenye simu, haujafunguka, na mkisoma mbele mtajua kwa nini sijahangaika nao.

Nyumbani kwa mama yake Petro

Petro alitupokea nje ya boma. Nilitegemea maneno, ule mdomo wa mnadani, lakini alisema "Umefika" tu. Alikuwa amevaa lile koti, kwenye joto lile.

Mama yake alikuwa mrefu, bangili za shaba zimejaa mikononi, uso hauonyeshi kitu. Nikapiga magoti nikamwamkia. Akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema maneno marefu kwa Kidatoga. Baba wadogo walikuwa wameshakaa kivulini kwenye vigoda. Mbuzi ameshachinjwa, nyama iko motoni, harufu yake sitaki hata kuiandika. Shangazi akatoa shuka na sukari, kisha yale "majani," na wazee wakafurahi hivi kwamba nikajua tumeanza vizuri.

Ndipo mama akaleta kibuyu cha maziwa. Kimesafishwa kwa mkaa wa mti wao, kinanukia moshi mtamu, na alikileta kwangu kwanza. Akakishika kwa mikono miwili, akanipa.

Nikasema, "Asante Mama, nimefunga."

Petro akatafsiri. Bangili zikalia kidogo, akakiweka kibuyu kando yangu. Mama akauliza kitu, na Petro akanigeukia, sauti imeshuka.

"Anauliza tumekukosea nini."

"Hapana! Hamjanikosea! Mwambie nimemwomba Mungu jibu, kama niolewe na wewe au hapana. Akijibu, nakula. Nimempa hadi leo."

Nilipojisikia nikitamka hivyo mbele za watu, jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Petro hakuwa anajua. Nilimwona usoni kitu kimemchoma. Hata hivyo akatafsiri yote bila kupunguza neno. Wazee wakanong'onezana. Mkubwa wao akaongea kwa Kiswahili chake cha mnadani, kwa upole kabisa.

"Mgeni hawezi kukaa na njaa peke yake nyumbani kwetu. Kama unasubiri Mungu, tutasubiri wote."

Akaweka chini kibuyu alichokuwa nacho tangu tulipofika. Na wengine wakaweka. Nyama ikaondolewa motoni. Shangazi, ambaye alikuwa ameshanawa mikono, akanitazama kwa jicho ambalo nitalikumbuka hadi kaburini.

Wakasubiri kweli. Hawakunidhihaki hata kidogo, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mzee mmoja alimuuliza Petro kitu, Petro akanitafsiria kwa shida: "Anauliza Mungu huwa anapitia wapi." Mzee akageuza kigoda chake akatazama njia, ili asimkose akifika.

Nikafumba macho nikaomba haraka haraka. Bwana, chochote. Ndege apite. Mbuzi alie. Mbuzi wakalia wote kwa pamoja, hata haikusaidia. Nikatia mkono mfukoni kutafuta simu, nikakumbuka haina mtandao, nikautoa mkono. Nilikuwa sina tena cha kubonyeza.

Basi nikakaa. Nawaambia ukweli, kwa muda mrefu sikuwa nimekaa vile. Kwanza niliwasikia ng'ombe, kisha inzi, kisha pumzi ya Shangazi. Mama yake Petro akaja kukaa chini kando yangu, akachukua mkono wangu akaanza kupapasa ncha za vidole, pale sindano inaponichoma kila siku. Aliugeuza, akaupapasa tena, polepole. Kisha akanionyesha vidole vyake mwenyewe, vimekakamaa kwa kushona ngozi. Hatukuwa na neno hata moja la kuelewana. Tukacheka.

Halafu nikamtazama Petro. Nilikuwa nimesafiri tangu Alhamisi kwa ajili yake na sikuwa nimemwangalia. Alikaa chini, mbali kidogo, jasho linamtiririka ndani ya lile koti, na hakuwa anajitetea. Dalali yule! Angeweza kuniuzia hata lile dume la Maretadu, lakini alikaa kimya akaniacha nisubiri. Na kila kivuli kiliposogea, alinyoosha mkono akasogeza kile kibuyu changu kivulini, maziwa yasichache. Alifanya hivyo tena na tena bila kunitazama, bila kujua kama nitayanywa au nitaondoka.

Nikasikia woga wangu wote upo pale pale, haujapungua. Bonde lile ni kali kweli, na mama yule nitajifunza lugha yake kwa tabu. Lakini nikasikia na furaha nyingi. Na nikajua Mungu yupo pale, jamani, alikuwa amekaa nasi muda wote, na yeye hakuwa na haraka yoyote. Siku zote nilikuwa nikimtumia maombi na kukimbilia majibu, yeye mwenyewe sijawahi kukaa naye. Sikumwomba kitu tena. Nilimshukuru kwa vidole vya yule mama.

Nikanyoosha mkono nikachukua kibuyu.

Boma zima likainua vichwa. Mama akauliza haraka, na sikuhitaji tafsiri, ila Petro alinitafsiria, sauti imekauka: "Anauliza, Mungu amejibu?"

"Hapana," nikasema. "Mwambie nimejibu mimi."

Nikanywa. Maziwa ya baridi, ya moshi, yakanishuka hadi kifuani nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja. Petro akamgeukia mama yake ili atafsiri. Akafungua mdomo, neno halikutoka. Akafungua tena. Akakaa hivyo, mdomo wazi, machozi yanamtoka, mtu anayeishi kwa kusema. Mama yake akamtazama usoni mara moja tu, akaruka juu na bangili zake zote, akapiga vigelegele kabla hajaambiwa kitu.